Lugha Inayokumbuka na Lugha Inayojisema: Historia ya Udumifu na Uakisi katika Lugha za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Kila jamii iliyopata kuwa na maandishi imekabiliwa na swali la namna ya kulitoa neno katika kinywa kinachokufa na kulitia katika kitu kinachobaki. Swali hilo halikuisha kompyuta ilipovumbuliwa, bali lilirudi kwa sura nyingine. Programu inapoendeshwa huumba data, huzipanga na kuzihusisha. Inapokoma, data hizo hupotea pamoja nayo isipokuwa zimehamishiwa mahali pengine. Lugha ambayo programu imeandikwa kwayo kwa kawaida haina la kusema juu ya maisha ya data baada ya programu kufa.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya kundi moja la wanataaluma, hasa wa vyuo vikuu vya Scotland, waliojaribu kulijibu swali hilo ndani ya lugha yenyewe. Jibu lao lilizaa dhana mbili. Ya kwanza ni udumifu, yaani uwezo wa data kuishi kwa muda wowote unaohitajika bila mwandishi wa programu kuzihamisha kwa mkono. Ya pili ni uakisi wa kiisimu wenye usalama wa aina, yaani uwezo wa programu kutunga matini mpya ya programu katika lugha ileile iliyoandikiwa, kuifasiri, na kuipokea ndani yake ikiendelea kuendeshwa, pasipo kuvunja sarufi ya aina za data.

Hoja kuu ni kwamba dhana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Mfumo ambao data zake hazifi hauwezi kubomolewa na kujengwa upya kila mahitaji yanapobadilika. Sharti ujibadilishe kutoka ndani. Na kwa kuwa katika mfumo wa namna hiyo kosa nalo hudumu, kujibadilisha huko hakuna budi kuwe na ulinzi. Kwa mwanaisimu, historia hii ina faida ya ziada: inaonyesha maswali ya kale ya taaluma ya lugha yakiulizwa na watu waliolazimika kuyapatia majibu yanayofanya kazi katika mashine.

2.0 Kumbukumbu mbili, lugha mbili

Tangu mwanzo wa historia yake kompyuta imekuwa na kumbukumbu za namna mbili. Ipo kumbukumbu kuu, ambayo ni ya haraka lakini kwa kawaida husahau yote umeme unapokatika, na ipo ya nje, yaani tepu na baadaye diski, ambayo ni ya polepole lakini hubaki. Mgawanyo huu ulikuwa wa kiufundi, lakini taratibu ukawa wa kiisimu. Lugha za kuprogramu, kuanzia Fortran ya mwaka 1957 na Algol ya miaka 1958 na 1960, zilijishughulisha na kumbukumbu kuu na kuiachia mifumo mingine kazi ya kuhifadhi. Kwa upande wa pili, E. F. Codd alipochapisha nadharia yake ya uhusiano mwaka 1970, hifadhidata zilianza kupata lugha zao wenyewe, zenye majedwali, safu na maulizo, ambazo hazikufanana na lugha za kuprogramu.

Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa programu alilazimika kuishi katika lugha mbili. Ndani ya programu, data zake zilikuwa na umbo tajiri: rekodi moja iliweza kuelekeza kwenye nyingine, na mbili zikaweza kushiriki ya tatu. Ili kuzihifadhi ilimbidi azivunjevunje ziwe mistari ya faili au safu za jedwali, na ili kuzitumia tena azijenge upya. Makadirio yaliyonukuliwa mara nyingi katika maandishi ya uwanja huu yalidai kwamba takribani asilimia 30 ya matini ya programu ya kawaida ilitumika kwa uhamishaji huo tu.

Hasara haikuwa ya jasho peke yake. Uhamishaji hupoteza maana. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanalijua jambo hili kutokana na miswada ya zamani. Katika mapokeo ya kale ya kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kabla ya marekebisho yaliyofanywa baadaye, alama moja ya irabu ilisimama kwa /i/ na /e/, na nyingine kwa /u/ na /o/. Hivyo pita na peta ziliweza kuandikwa kwa umbo moja. Msomaji aliyejua shairi alirudisha irabu inayofaa kwa ujuzi wake. Asiyejua alibaki akikisia. Karatasi ilihifadhi sehemu tu ya lugha, na sehemu iliyobaki ikategemea kichwa cha msomaji. Faili la kompyuta lilikuwa na tabia hiyohiyo. Lilihifadhi tarakimu na herufi, lakini halikuhifadhi habari kwamba tarakimu hizi ni tarehe na zile ni bei. Ujuzi huo ulibaki katika programu iliyoliandika, na programu nyingine iliyolisoma vibaya haikuwa na wa kuikosoa.

Wapo waliojaribu kuziba pengo hilo mapema. Mwaka 1977 Joachim Schmidt alichapisha maelezo ya lugha ya Pascal/R, iliyoingiza majedwali ya Codd ndani ya Pascal. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini bado ilibagua: aina moja tu ya data, yaani uhusiano, ndiyo iliyopewa haki ya kudumu.

3.0 PS-algol na kanuni ya kutobagua

Mwaka 1978, katika mkutano wa kimataifa wa hifadhidata kubwa uliofanyika Berlin Magharibi, Malcolm Atkinson aliwasilisha makala kuhusu lugha za kuprogramu na hifadhidata. Alitaka mpaka baina ya vitu hivyo viwili uondolewe. Wakati huohuo Ron Morrison, katika Chuo Kikuu cha St Andrews, alikuwa ameunda S-algol, lugha ndogo ya ukoo wa Algol iliyokusudiwa kuwa na sheria chache zisizo na vighairi. Ushirikiano baina ya Edinburgh na St Andrews ulizaa PS-algol, ambayo herufi P katika jina lake husimama badala ya udumifu. Maelezo yake ya awali yalichapishwa mwaka 1982, na mwaka uliofuata Atkinson, Bailey, Chisholm, Cockshott na Morrison wakatoa makala iliyokuja kuwa msingi wa uwanja mzima.

Kinachostaajabisha kuhusu PS-algol ni uchache wa mambo yaliyoongezwa. Sarufi ya S-algol haikuguswa karibu hata kidogo. Ziliongezwa taratibu chache tu, za kufungua hifadhidata na za kuthibitisha mabadiliko. Mwandishi alipothibitisha, mfumo ulianzia kwenye mzizi wa hifadhidata na kufuata kila kielekezi; chochote kilichoweza kufikiwa kutoka kwenye mzizi huo kilihifadhiwa, na kisichofikika kiliachwa. Hakukuwa na amri ya kuhifadhi kitu kimojakimoja. Kitu kilidumu kwa sababu kilikuwa na uhusiano na vingine vilivyodumu.

Kanuni zilizokuwa zimejificha katika kazi hiyo zilifafanuliwa hatua kwa hatua, na Atkinson na Morrison walizikusanya mwaka 1995. Ni tatu. Kwanza, matini ya programu iwe ileile, ama inashughulikia data za kitambo au za kudumu. Pili, data za aina yoyote ziwe na haki sawa ya kudumu. Tatu, namna ya kutambua kipi kidumu isifungamane na aina yake. Kwa pamoja kanuni hizi zaweza kuitwa udumifu usiobagua.

Kanuni ya pili ilikuwa na tokeo ambalo halikutazamiwa na wengi. Ikiwa kila aina ina haki ya kudumu, na ikiwa utaratibu, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, nao ni thamani kama namba au rekodi, basi utaratibu pia sharti uweze kudumu. Atkinson na Morrison walilieleza jambo hilo katika makala ya mwaka 1985 iliyozichukulia taratibu kuwa vitu vya data vinavyodumu. Mpaka kati ya kinachotenda na kinachotendwa ulianza kufutika. Hifadhi ikawa na programu ndani yake, zimekaa sambamba na data zilizozihudumia. Mwaka huohuo warsha ya kwanza kuhusu udumifu na aina za data ilifanyika Appin, Scotland, na kuanzisha mfululizo wa mikutano uliopita katika mabara kadhaa.

4.0 Lugha kuisema lugha

Ili kufahamu hatua iliyofuata ni lazima kurudi nyuma kidogo. Wanafalsafa na wanaisimu hutofautisha kulitumia neno na kulitaja. Kiswahili hudhihirisha tofauti hiyo kwa njia ya upatanisho. Husemwa Mtoto analala, kwa kiambishi cha ngeli ya viumbe, kwa sababu neno limetumika kumwelekeza msikilizaji kwa kiumbe. Lakini husemwa pia "Mtoto" lina silabi tatu, kwa kiambishi li-, kwa sababu sasa kinachozungumziwa si kiumbe bali ni neno, na neno lina ngeli yake. Mzungumzaji hafundishwi kanuni hii darasani. Akivuka kutoka matumizi hadi utajaji, sarufi hubadilika naye.

Lugha za kompyuta zilichelewa kuupata uwezo huo kwa namna iliyo safi. Katika kompyuta za kwanza programu na data vilikaa katika kumbukumbu moja, na programu iliweza kuzibadilisha amri zake yenyewe kana kwamba ni namba tu. Huo ulikuwa uwezo mkubwa usio na sarufi yoyote: kosa dogo liligeuza amri kuwa upuuzi. John McCarthy alitoa njia nyingine katika makala yake ya mwaka 1960 kuhusu Lisp. Katika Lisp matini ya programu yenyewe ni orodha, na orodha ndiyo data ya msingi ya lugha. Ipo alama ya kunukuu, inayozuia usemi usitekelezwe ili uweze kutajwa tu, na ipo kazi inayoitwa eval, inayoupokea usemi uliotajwa na kuutekeleza. McCarthy aliiandika eval kama ufafanuzi wa kinadharia. Steve Russell ndiye aliyetambua kwamba ingeweza kutiwa katika mashine, akaifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya IBM 704. Mwaka 1982 Brian Cantwell Smith, katika tasnifu yake ya uzamivu huko MIT, aliupeleka mjadala mbali zaidi kwa kuunda lugha ya 3-Lisp, ambayo programu yake iliweza kutazama na kubadilisha hali ya utekelezaji wake yenyewe. Tangu hapo istilahi ya uakisi ilishika mizizi.

Hata hivyo, Lisp ilikuwa na upungufu mmoja kwa macho ya watu wa mapokeo ya Algol. Haikukagua aina mapema. Usemi ulioundwa vibaya haukugunduliwa hadi ulipotekelezwa. Umuhimu wa ukaguzi wa mapema unaweza kuelezwa tena kwa upatanisho. Anayesikia *Kiti amevunjika hujua papo hapo kwamba sentensi ina kasoro ya kisarufi. Hahitaji kwenda kukitazama kiti. Vivyo hivyo, lugha yenye aina hukagua programu nzima kabla haijaanza kufanya kazi, na kukataa, kwa mfano, kujumlisha jina na bei. Kazi hiyo hufanywa na kompaila, yaani programu inayofasiri matini iliyoandikwa na binadamu iwe amri za mashine.

5.0 Uakisi wenye usalama wa aina

Swali lililolikabili kundi la Scotland katikati ya miaka ya 1980 lilitokana na mafanikio yao wenyewe. Ndani ya hifadhi ya kudumu mlikuwa na data za aina nyingi, nyingine zikiwa zimebuniwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Je, inawezekana kuandika programu ya kuzipekua zote na kuzionyesha kwenye skrini, ilhali wakati programu hiyo inaandikwa baadhi ya aina hizo hazijabuniwa bado? Katika lugha yenye ukaguzi wa mapema jibu la haraka ni hapana, kwa maana kompaila haiwezi kukagua matumizi ya aina isiyokuwapo.

Al Dearle na Fred Brown walichapisha ufumbuzi wao mwaka 1988. Mfumo wa PS-algol ulikuwa umepewa kompaila inayoweza kuitwa na programu kama utaratibu mwingine wowote. Kipekuzi chao kilipokutana na data ya aina kisichoijua, kiliuliza umbo la aina hiyo, kisha kikatunga matini ya programu, kwa lugha ya PS-algol yenyewe, yenye maelekezo ya namna ya kuionyesha. Matini hayo yalipelekwa kwa kompaila. Yakikubaliwa, utaratibu uliozaliwa uliunganishwa na kipekuzi kilichokuwa kikiendelea kufanya kazi na kuhifadhiwa katika hifadhi ya kudumu. Aina hiyo ilipojitokeza tena, hata baada ya miezi, utaratibu wake ulikuwa tayari umo. Hapa ndipo udumifu na uakisi vilipoonekana kutegemeana: kipekuzi kilijifunza kwa uakisi na kukumbuka kwa udumifu.

Mfano wa pili ulikuwa wa kinadharia zaidi, na ulitoka Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, ambako David Stemple, Tim Sheard na wenzao walikuwa wakiunda lugha iliyoitwa TRPL. Katika makala ya mwaka 1990 walionyesha kwamba ipo kazi ya kawaida kabisa ya hifadhidata isiyoelezeka kwa mifumo ya aina iliyokuwa ikitumika wakati huo. Kazi hiyo ni muungano asilia wa majedwali mawili. Tuseme jedwali la wanafunzi lina safu za namba na jina, na jedwali la mitihani lina safu za namba, somo na alama. Muungano wao hulinganisha safu yenye jina la pamoja, ambayo ni namba, na kutoa jedwali lenye safu nne: namba, jina, somo na alama. Kwa majedwali mengine, safu za pamoja zitakuwa nyingine na umbo la jibu litakuwa jingine. Mtu hawezi kuandika utaratibu mmoja wa jumla kwa kuacha aina wazi tu, kwa sababu aina ya jibu hutokana na majina ya safu zilizomo ndani ya aina za majedwali yanayoingia. Utaratibu wa jumla unapaswa kuzisoma aina zenyewe.

Ufumbuzi ulikuwa kuandika kizalishi, yaani programu inayopokea maelezo ya aina mbili na kutoa matini ya utaratibu wa kuunganisha majedwali ya aina hizo hasa. Matini yaliyotolewa hukaguliwa na kompaila kama matini yoyote yaliyoandikwa na binadamu. Ikiwa kizalishi kimekosea, kosa hunaswa kabla data haijaguswa.

Mifano hii miwili ilitofautiana kwa wakati wa utendaji. Katika TRPL uakisi ulifanyika wakati wa kufasiri programu. Katika PS-algol ulifanyika programu ikiwa tayari inaendeshwa. Lakini makundi yote mawili yalitambua kwamba msingi wao ni mmoja. Mwaka 1992 wanataaluma wa Massachusetts, St Andrews, Glasgow na kwingineko walitoa taarifa ya pamoja iliyouita msingi huo uakisi wa kiisimu wenye usalama wa aina, na kuupambanua na uakisi wa Smith. Uakisi wa 3-Lisp ulibadilisha mfasiri, yaani namna lugha inavyoeleweka. Uakisi wa kiisimu hauibadilishi lugha hata kidogo. Huongeza usemi mpya katika lugha ileile, na kila usemi mpya hupita mlango uleule wa ukaguzi. Kwa istilahi za isimu, ni tofauti kati ya kubadili sarufi na kutunga sentensi mpya zinazoitii sarufi iliyopo.

Wakati huo St Andrews tayari ilikuwa na lugha mpya, Napier88, iliyopewa jina la John Napier wa Edinburgh, aliyechapisha uvumbuzi wake wa logarithimu mwaka 1614. Napier88 iliyaweka mambo haya katika mpango mmoja. Ilikuwa na aina maalumu iliyoweza kubeba thamani ya aina yoyote pamoja na kitambulisho cha aina hiyo, mithili ya bahasha iliyoandikwa nje kilichomo ndani. Matokeo ya kompaila yalirudishwa katika bahasha ya namna hiyo, na aliyeifungua alipaswa kutaja aina anayoitarajia. Ikiwa haikulingana, mfumo ulikataa. Kwa njia hii sehemu kubwa ya ukaguzi ilifanyika mapema, na ule usioepukika ulibakizwa mahali pachache panapojulikana.

Katika tasnifu yake ya mwaka 1992, Graham Kirby aliongeza wazo lililokuwa geni wakati huo. Ikiwa matini ya programu na data zote hukaa katika hifadhi moja, kuna haja gani ya matini kuzitaja data kwa majina tu? Matini yaweza kuwa na kiungo kinachoelekeza moja kwa moja kwenye kitu chenyewe. Ni kama tofauti kati ya kumtaja mtu kwa jina, ambalo huenda likawa la watu wawili, na kumwonyesha kwa kidole na kusema huyu. Programu ya namna hiyo haikuwa tena mfuatano wa herufi peke yake. Ilikuwa matini yenye viashiria ambavyo vielekezwa vyake havipotei.

6.0 Java, soko na urithi

Katikati ya miaka ya 1990 ilionekana kana kwamba wakati wa dhana hizi umewadia. Lugha ya Java, iliyotangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995, ilienea kwa kasi ambayo hakuna lugha ya vyuoni iliyoikaribia. Ilikuwa na aina, ilisimamia kumbukumbu yenyewe, na haikuwa na namna ya kudumisha vitu vyake. Atkinson, ambaye kufikia wakati huo alikuwa Glasgow, alishirikiana na maabara ya utafiti ya Sun, akiwamo Mick Jordan, kujenga PJama, Java yenye udumifu usiobagua. Kirby, Morrison na Stemple nao walionyesha mwaka 1998 jinsi uakisi wa kiisimu unavyoweza kutekelezwa katika Java bila kuibadilisha lugha.

PJama ilifanya kazi, lakini haikuingia katika Java rasmi. Tathmini iliyoandikwa na Atkinson na Jordan mwaka 2000 inasomeka kama hesabu ya mwisho ya mradi. Sababu ni kadhaa na zinafundisha. Kwanza, udumifu usiobagua ulihitaji kuingia ndani ya mashine ya Java, nayo ilikuwa ikibadilishwa kila mara na wahandisi waliokuwa na vipaumbele vingine. Pili, sehemu za Java zilizogusa ulimwengu wa nje, kama madirisha ya skrini na miunganisho ya mtandao, hazikuwa na maana ya wazi ya kudumu: muunganisho uliokatika jana hauwezi kuamshwa leo kwa kuukumbuka tu. Tatu, mashirika tayari yalikuwa na data zao katika hifadhidata za majedwali, zikitumiwa na programu za lugha nyingi, na hayakuwa tayari kuzihamishia katika hifadhi ya lugha moja. Sababu hii ya tatu ndiyo nzito zaidi. Udumifu usiobagua aina ulikuwa, kwa namna yake, unabagua lugha.

Gharama ya njia iliyochaguliwa badala yake imeonekana wazi. Programu nyingi ziliendelea kuzungumza na hifadhidata kwa kutunga maulizo ya SQL kama mfuatano wa herufi tu na kuyatuma yakatekelezwe. Huo nao ni uakisi wa kiisimu, kwani programu hutunga matini ya programu. Ila hauna usalama wa aina. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imefahamika kwamba mdukuzi anaweza kuandika, mahali alipoombwa jina lake, kipande cha SQL, na hifadhidata ikakitekeleza kwa kudhani ni amri ya mwenye mfumo. Kilichotakiwa kutajwa kinatumika. Shambulio hilo ni kosa la kuchanganya matumizi na utajaji, na limewaanika watu wengi ambao taarifa zao ziliwekwa katika mifumo ya namna hiyo. Njia ya kuandaa maulizo mapema na kuzipitisha data kando, inayopendekezwa dhidi yake, ni kuurudisha mpaka ambao Kiswahili huuwekea kiambishi.

Wakati huohuo mawazo ya uakisi salama yalipata makao mengine. Sheard, aliyekuwa mmoja wa waundaji wa TRPL, alishiriki kuunda MetaML, iliyoelezwa mwaka 1997, na pamoja na Simon Peyton Jones akawasilisha Template Haskell mwaka 2002. Toleo la sita la Java, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2006, liliweka rasmi njia ya programu kuiita kompaila, jambo ambalo PS-algol ilikuwa nalo miaka 20 nyuma. Mwaka 2007 Microsoft iliingiza katika C# maulizo yanayokaguliwa aina zake na kompaila ileile inayokagua programu. Si rahisi kuonyesha kila mara nani alirithi kutoka kwa nani, lakini maswali yaliyojibiwa ni yaleyale.

7.0 Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa ina mafunzo matatu kwa mwanafunzi wa lugha. La kwanza ni kwamba kuhifadhi si tendo la baada ya lugha. Ni sehemu ya lugha. Faili lisilobeba aina zake, kama mswada usiobeba irabu zake, humtegemea msomaji ambaye siku moja hatakuwapo. Wanaohifadhi matini ya Kiswahili katika kompyuta wanalikabili jambo hili moja kwa moja. Mkusanyo wa matini uliowekewa alama za ngeli na vitenzi unatarajiwa kuishi kuliko programu iliyouzalisha, na utaishi endapo tu maana ya alama hizo imehifadhiwa pamoja nazo.

La pili ni kwamba uwezo wa lugha kujisema ni wa hatari usipokuwa na sarufi, na ni wa manufaa makubwa ukiwa nayo. Waundaji wa PS-algol na Napier88 hawakuizuia programu kutunga programu nyingine. Walichodai ni kwamba kilichotungwa kipite penye ukaguzi, sawasawa na kilichoandikwa na mtu. Dai hilo lina uzito zaidi leo kuliko mwaka 1992, kwa kuwa sasa sehemu isiyo ndogo ya matini ya programu hutungwa na mashine, na swali la nani anayeyakagua haliwezi kuepukwa.

La tatu ni la tahadhari. Usalama wa aina una mpaka wake. Kiti kimevunjika ni sentensi sahihi kisarufi hata kama kiti ni kizima. Kompaila iliweza kuhakikisha kwamba utaratibu mpya unaingia mahali pake bila kuvunja chochote; haikuweza kuhakikisha kwamba unasema kweli. Kazi hiyo ilibaki kwa watu, na ndiko iliko mpaka sasa.